Vidonge vya Mawe

Binti yangu ana pumu mbili. Huku kwetu ukurutu unaitwa pumu ya ngozi, kwa hiyo mtu akiuliza mtoto anaumwa nini unamjibu pumu, naye anauliza ipi, ya kifua au ya ngozi. Mimi nilikuwa najibu zote. Ndani ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni ngozi inakauka inapasuka, anaikuna mpaka inatoa maji. Ngozi ikitulia, kifua kinaamka. Wakati ninaousimulia hapa ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunga sentensi, na mojawapo ya sentensi zake za mwanzo ilikuwa, "Mama, kifua kimefunga mlango." Watu walicheka, wakasema mtoto ana akili huyu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tulikuwa tunaishi Nyahanga, uani kwa mama mkwe. Mume wangu anachimba dhahabu upande wa Runzewe. Akipata anarudi, asipopata anarudi pia, ila kwa kuchelewa. Mama mkwe anatwanga mawe. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine, wala simsemi kwa ajili ya kuifanya. Watu wanaleta mawe ya dhahabu kwenye viroba, yeye anayavunja kwa nyundo, anayatia kwenye kinu cha chuma, anatwanga mpaka yawe unga, anachekecha kwa kitambaa, kisha wenyewe wanakuja kuchukua unga wao kwenda kuuosha. Mwenye mzigo mkubwa anapeleka mawe yake karasha, yakasagwe kwa mashine. Mwenye mawe machache, anayeogopa kuibiwa kwenye mashine za watu, anamletea mama mkwe, kwa sababu mama huyu haibi hata punje, na mtaa mzima unalijua hilo.

Tatizo ni kwamba alikuwa anatwangia mbele ya mlango wetu. Yeye mwenyewe anajifunga khanga puani. Unga wa mawe ni laini kuliko sembe, na hauna haraka. Unakaa kwenye vyombo, kwenye mashuka, kwenye kope za mtoto.

Nilimwambia. Sikumwambia mara moja, na sikumwambia kwa jeuri.

"Shikamoo mama. Mama, hili vumbi linamaliza mtoto."

"Marahaba, mayu," akajibu, yaani mama kwa kilugha chake. "Watoto wangu wote nimewalea kwenye vumbi hili. Baba yake huyu alikuwa analala mgongoni kwangu, natwanga, yeye anakoroma."

"Na sasa anakohoa mpaka anashika ukuta."

"Hizo ni sigara."

Mume wangu hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, na mama yake analijua hilo kuliko mimi.

Daktari wa kituo cha afya alikuwa ameshatupa mafuta ya kupaka na pampu ya bluu, ile ya kuvuta mdomoni. Alisema pampu isikae mbali na mtoto, na vumbi likae mbali naye. La kwanza niliweza. La pili nilimpelekea mume wangu, akasema atajenga kibanda cha kutwangia kule nyuma ya choo. Alinunua mabati. Mabati yale yalikaa yameegemezwa ukutani, kuku wakawa wanataga nyuma yake.

Halafu siku moja ya kiangazi akaja na kichupa.

Kilikuwa kichupa cha kahawia, kidogo kama cha dawa ya macho, na ndani yake vidonge vyeupe, vidogo kama punje za uwele. Alisema ni tiba ya homiopathi. Kuna mtu anapita machimboni na begi, amevaa shati safi, anasikiliza watu vizuri, haharakishi mtu kama hospitalini. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuvila, na kikohozi, alisema, kimepungua. Nilimtazama kifua. Shati lilikuwa linaning'inia juu yake kama limetundikwa kwenye msumari.

"Ni vya nini hivi?"

"Kifua na ngozi. Vyote viwili kwa mpigo. Huoni kama vimetengenezwa kwa ajili ya huyu mtoto?"

"Vimetengenezwa na nini?"

"Mawe."

"Mawe gani?"

"Chokaa na salfa. Vinachomwa pamoja, vinasagwa na sukari. Ukimaliza unachukua kidogo, unasaga tena na sukari nyingine. Unachukua kidogo ya hiyo, unasaga tena. Hivyo hivyo, mpaka jiwe lenyewe halimo, imebaki nguvu yake tu."

Alilieleza hilo uso ukimng'aa. Ni mtu aliyeishi kwa kusaga jiwe ili apate kitu kisichoonekana, kwa hiyo sishangai alivyolipenda. Mama mkwe aliacha kutwanga akaja kusikiliza. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiacha kazi kwa ajili ya dawa.

Nikasema, "Yaani mnalisaga jiwe mpaka linaisha, halafu mnakula sukari."

"Umeshaanza kemia yako," mume wangu akasema.

Kemia yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo yake si ya kutundika ukutani. Lakini nilikumbuka kuchanganya chumvi na maji, kumwaga, kuongeza maji, kumwaga tena, na mwalimu akituuliza kimebaki nini kwenye glasi. Darasa zima tulijibu maji. Mwalimu akasema vizuri.

Nilichokosa kukiona mapema ni nguvu ya masharti. Yule mtu wa dawa alitoa masharti: vidonge visiguswe kwa vidole, vimiminwe kwenye kifuniko na kutiwa chini ya ulimi. Mtoto asinywe kahawa, asisuguliwe meno kwa dawa yenye mnanaa, asipakwe kafuri, asikae karibu na vitu vyenye harufu kali, kwa sababu vinaua nguvu ya dawa. Na siku za mwanzo anaweza kuzidiwa kidogo. Akizidiwa msiogope, ndiyo dawa imemfikia.

Mama mkwe alikuwa hajawahi kuheshimu dawa ya hospitali. Dawa gani, alikuwa akiuliza, unapewa dirishani na mtu asiyekutazama, unakunywa hata na chai, huna mwiko wowote? Kwake dawa isiyo na mwiko ilikuwa kama pipi. Hii sasa ilikuwa na miiko ya kutosha. Alikichukua kichupa akakiweka chumbani kwake, na asubuhi na jioni alimwita mtoto, akanawa mikono, akamimina kwa kifuniko kama mtu anayepima dhahabu. Mtoto alipenda. Ilikuwa tamu.

Nitasema na lililo kweli, kwa sababu sitaki mtu aseme nimeficha. Mtoto alipata nafuu. Viwiko vilikauka, shingo ikarudi kuwa shingo, akawa analala hadi asubuhi. Mama mkwe alimwonyesha kila aliyeingia uani.

"Tazama mkono huu. Tazama. Ungeuona mwezi uliopita."

Lakini mvua zilikuwa zimeanza. Maduara, yale mashimo wanayochimba, yalijaa maji, wachimbaji wakakaa juu wanacheza drafti, mawe hayakuja Nyahanga, na kinu kikakaa kimya kwa wiki kadhaa. Ua ulinuka udongo uliolowa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele yao wote wawili: mtoto amepona kwa sababu hamtwangi. Mume wangu akasema mimi ni mtu wa kutopenda kushukuru. Sifa zote zikaenda kwa kichupa.

Mvua zilipokata, mawe yakarudi.

Mimi nasuka nywele saluni, mjini. Asubuhi ile nilikuwa na mteja mmoja, mama wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa, mnene, mcheshi, anayesinzia ukimsuka. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa simu ilipoita. Ni mama mkwe.

"Mayu, usiogope. Dawa imemkolea mtoto."

"Imemkolea vipi?"

"Anahema. Lakini ndivyo alivyosema mwenyewe, atazidiwa kwanza."

"Mpe pampu."

Nikasikia kuku, kisha simu ikakatwa.

Niliacha kitana kwenye kichwa cha yule mama. Nilipotoka nje nikaita bodaboda, na yule mama akapanda nyuma yangu kabla sijasema kitu, kitambaa cha saluni kikiwa bado mabegani.

"Mama, wewe ngoja, nitarudi."

"Nusu ya kichwa hii nimpelekee nani? Panda twende. Sogea mbele."

Tulimkuta mtoto amekaa kwenye mkeka uani, mikono ameishindilia mbele yake, mabega juu. Ngozi chini ya mbavu ilikuwa inazama ndani kila akivuta. Hakuwa analia. Wasiojua pumu wanadhani mtoto asiyelia ana nafuu. Mtoto mwenye pumu halii kwa sababu hana pumzi ya kulilia. Pembeni yake kinu kilikuwa na mawe yaliyotwangwa nusu, na mama mkwe alikuwa anamimina vidonge kwenye kifuniko.

"Pampu iko wapi?"

"Tulia kwanza."

"Mama, pampu iko wapi?"

"Nimeitoa ndani. Ina harufu kali, ingeua dawa. Toka mvua haijakata niliitoa."

Niliingia ndani nikamwaga kabati. Mume wangu akapiga simu. Mama yake alikuwa ameshamwambia. Niliweka simu kwenye spika nikaendelea kutafuta, na sauti yake ikatujia uani, imekauka, kwa nyuma watu wanagonga mawe.

"Sikiliza. Usimkatize dawa sasa hivi. Umesikia? Mkimkatiza sasa mnarudi mwanzo."

"Mtoto anakosa pumzi."

"Ndivyo panavyokuwa ukikaribia. Wewe hujashuka chini, hujui. Mwamba unakaza, maji yanakuja, hewa inakuwa nzito, kila mtu anataka kupanda. Ndipo dhahabu ilipo hapo."

Hili nilikuwa nimelisikia kabla hatujaoana. Yeye na wenzake waliwahi kuliacha duara lao baada ya mwamba kukaza. Kundi jingine likashuka mle mle, likapiga kidogo tu, likaukuta mkanda wa dhahabu. Mmoja wao sasa ana nyumba ya ghorofa. Mume wangu hupita mbele ya nyumba ile akiangalia upande mwingine. Tangu hapo hajawahi kuacha kitu chochote katikati, hata kama kinamuua.

Nikamwambia, "Mtoto si duara." Nikakata simu.

Yule mama wa nusu kichwa alikuwa amesimama mbele ya mama mkwe.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Unatazama mbavu hizo, halafu unatuambia tungoje?"

"Wewe ni nani uani kwangu?"

"Mimi ni mteja. Pampu iko wapi?"

"Bhebhe, wewe, huwezi kuja tu na nywele zako hizo..."

"Nywele zangu ziache. Pampu."

Mama mkwe alimtazama mtoto. Nadhani alimtazama kwa macho yake mwenyewe kwa mara ya kwanza asubuhi ile, bila yule mtu wa shati safi kusimama katikati yao.

"Chooni," akasema. "Juu ya ukuta, chini ya bati."

Ndiko alikokuwa ameitupa, kama kitu kichafu kinachoweza kuambukiza nyumba. Nilipanda kwenye ndoo nikaipapasa. Ilikuwa ya moto kwa jua, mdomo wake umejaa vumbi. Nilipuliza, nikafuta kwa sketi, nikatikisa, nikambonyezea mtoto. Nusu ilimtoka puani. Nikabonyeza tena. Alipovuta ya tatu nilisikia kifua kinapiga filimbi, na mtu mwingine angeogopa sauti ile. Mimi nilifurahi. Kabla ya hapo kifua kilikuwa hakina sauti kabisa.

Tulipanda bodaboda mbili kwenda kituo cha afya, mimi na mtoto mbele, mteja wangu na mama mkwe nyuma. Sijui waliongea nini njiani.

Walimweka kwenye mashine ya mvuke, kinyago kikafunika nusu ya uso. Mama mkwe aliinyoosha mikono kumshika mguu. Nesi akaiona ile mikono, kijivu hadi kwenye viwiko, vumbi limejaa kwenye mikunjo.

"Bibi, hapana. Kanawe kwanza."

Akaenda bombani. Akarudi. Nesi alikuwa hajasema kitu, akageuka mwenyewe akaenda kunawa tena. Niliona. Watu wanapenda kuniambia kwamba hapo ningemhurumia. Sikumhurumia. Nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto wangu.

Daktari aliuliza anatumia dawa gani, nikatoa kichupa nilichokuwa nimekinyakua uani. Alikisoma akizungushazungusha.

"Hii haitamdhuru," akasema. "Wala haimtibu. Humu hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na mkono ulipona?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni.

"Mnafanya kazi gani nyumbani, bibi?"

"Natwanga mawe."

Daktari aliandika, akamwita nesi. Nesi akachukua chupa ya maji ya plastiki iliyokwisha, akaitoboa matako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, akaniambia kwa mtoto mdogo ndivyo inavyofanywa: unabonyezea ndani ya chupa, mtoto anavutia upande wa pili taratibu, dawa haipotelei puani. Nilikuwa na pampu ile tangu alipokuwa anatambaa, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Hasira yangu siku ile ilikuwa na watu wengi kwenye foleni.

Jioni nikiwa bado pale nilimpigia yule mtu wa dawa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alipokea kwa adabu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, pole sana. Mimi sikusema mtoto aache pampu. Nilisema kafuri, mnanaa, kahawa." Ni kweli, hakusema. Alisema harufu kali, alisema atazidiwa kwanza, na maneno hayo akayaacha yatembee peke yake mpaka Nyahanga. Nilikata simu na maneno yangu yote yakiwa bado mdomoni.

Mume wangu alifika kesho yake mchana. Alikuwa amekuja vile vile alivyopanda kutoka shimoni, buti nyeupe kwa vumbi. Nilimzuia nje ya mlango wa wodi.

"Humwoni hivyo. Oga kwanza."

Alioga kwenye bomba la wanaofulia, akavaa shati la kuazima. Tukakaa kwenye benchi nje. Alikuwa ameshazungumza na mama yake, na alikuwa ameshazungumza na mtu wa dawa, na nilimwona anatafuta mahali pa kuanzia.

"Anasema hakusema habari ya pampu."

"Najua."

"Kwa hiyo dawa yenyewe haina kosa."

"Daktari kasema humo hakuna kitu."

"Daktari hawezi kusema dawa ya mwenzake nzuri."

"Angalia ndani pale. Aliyemfungua kifua ni nani?"

Hakuangalia ndani. Akakohoa, kile kikohozi cha kuanzia miguuni, akainama mpaka kikapita. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na buti zake:

"Kama humo hakuna kitu, mimi nimekuwa nakula nini?"

Nilielewa alichokuwa anakitetea kwenye simu wakati mtoto anakosa pumzi. Kama vidonge vingemtibu mtoto, vingemtibu na yeye. Na kama havimtibu mtoto, basi kile kilichokuwa kifuani mwake kilikuwa kimekaa pale muda wote, hakijaguswa. Nilielewa, na hasira haikupungua. Mtu anaweza kuogopa kufa bila kumweka mtoto mbele yake.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, mimi na mtoto haturudi uani. Mteja wangu ana chumba nyuma ya nyumba yake, mbali na barabara ya vumbi, tutahamia huko. La pili, aende hospitali kubwa akapigwe picha ya kifua. La kwanza alilibishia kidogo, akauliza watu watasemaje, nikamwambia waje uani kuvuta hewa halafu waseme. La pili hakulibishia. Alisema atakwenda Jumatatu.

Jumatatu ilipita. Nilimsindikiza mwenyewe baadaye, na majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Mama mkwe hakubomoa chochote wala hakuomba radhi, na mimi sikuomba aombe. Anaendelea kutwanga, kwa sababu asipotwanga hali. Akija kumwona mjukuu anakuja ameoga, amevaa nguo za kanisani, na anakaa kwenye stuli mlangoni bila kuingia mpaka nimwambie karibu. Kuna siku nachelewa kumwambia.

Lakini siku ile, kabla hatujatoka kituoni, nilimwita mume wangu kitandani nikampa chupa na pampu. Mtoto alikuwa amekaa, anakula chungwa.

"Fanya wewe," nikamwambia.

"Si upo wewe?"

"Sipo kila saa. Fanya."

Alitikisa pampu. Vidole vyake vimejaa sugu, ilionekana ndogo kama filimbi ya mtoto. Akabonyeza kabla mtoto hajaweka mdomo, dawa ikatoka hewani.

"Baba, bado," mtoto akasema.

"Umewahi," nikasema. "Tena."

Mara ya pili alichelewa. Mara ya tatu kikohozi kikamshika, akaweka vitu kitandani, akageukia ukutani, akakohoa mpaka kikaisha. Mtoto akamngoja, chungwa mkononi. Nami nikamngoja. Akafuta mdomo, akanawa mikono kwenye ndoo ya nesi, akarudi, akamshikia mtoto chupa mdomoni.

"Vuta mama," akamwambia. "Taratibu."

Akabonyeza. Safari hii ilikuwa kwa wakati wake, na mtoto akavuta yote.